Kapteni Wekulo na Ndege ya Sebuleni

Jumamosi mchana, wanaume wengine wa Buruburu walipokwenda kutazama mpira au kunyolewa, Patrobas Wekulo alimuaga mkewe kwa heshima zote, akavua viatu, akapanda ndege. Hakuwa na haja ya kutoka nje. Ndege yenyewe ilikaa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na ngazi ya kwenda vyumbani, na mkewe Phelister alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Alifagia akaizunguka, alipanga meza akaizunguka, na wageni walipouliza ni nini hiki, alisema ni kitu cha mumewe, Baba Masinde, kisha akawaongezea chai.

Mtaani walimwita Kapteni. Walimwita wakicheka, naye akaitika akicheka, ila ukimtazama vizuri ungeona kicheko chake kinachelewa kidogo. Maana lile jina, kwa upande wa ukweni, halikuwa mzaha.

Patrobas alifanya kazi uwanja wa ndege kule Embakasi. Hilo lilikuwa kweli tupu. Alikuwa fundi wa viti. Kiti cha ndege kikichanika, au abiria akikimwagia mchuzi, kililetwa karakana kwao naye akakivua kitambaa, akakishona upya na kukirudisha. Nadhani hakuna mtu nchini aliyekalia viti vingi vya ndege kuliko yeye, na hakuna hata kimoja alichokikalia kikiwa angani.

Uongo haukuwa wake. Ulikuwa wa mjomba wake Lusweti, aliyetumwa Kimilili kumposea Phelister. Mjumbe wa posa ni mtu wa kutia chumvi, hilo halina ubaya, lakini Lusweti alimimina pakiti nzima. Wazee wa ukweni walipouliza kijana anafanya kazi gani, alikohoa, akatazama juu, akasema kijana anaendesha ndege. Patrobas alikuwa nje chini ya ukingo wa paa, maana bwana harusi hana neno kwenye kikao kama hicho. Alipopata habari, mahari yalikuwa yameshapanda, pombe imeshanywewa, na mama wa binti, Mama Nakhumicha, alikuwa ameshakwenda sokoni kuuza ndizi na habari kwa pamoja. Phelister mwenyewe aliujua ukweli tangu mwanzo. Alimpenda mshona viti, akacheka, akasema wazee watasahau.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuwa na mama mkwe wa Kibukusu. Kwao, mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Huyu akitokea njiani, yule anaingia shambani kwa watu mpaka apite. Hawali pamoja, hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, na neno likibidi kupita kati yao, hubebwa na mtu wa tatu. Kwa hiyo uongo wa Lusweti ulikaa salama mwaka baada ya mwaka, ukinenepa. Yule ambaye angeweza kuusahihisha hakuruhusiwa hata kusema hujambo.

Yote hayo Patrobas angeyavumilia kama si habari moja aliyoletewa na Phelister kutoka nyumbani. Ndege za kwenda Ulaya zilipita juu ya Kimilili, juu sana. Mama Nakhumicha alipousikia mngurumo alikuwa akiacha kulima, anasimama wima katikati ya mahindi, anavua kitambaa cha kichwa na kukipunga. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, mtoto wa jicho, hata hakuiona hiyo ndege. Alipunga kuelekea sauti. Majirani walipomuuliza, alisema, "Mkwe wangu anapita."

Phelister alihadithia huku akicheka, kwa kweli ni jambo la kuchekesha. Patrobas alicheka pia. Kisha akaenda kusimama nyuma ya nyumba karibu na kamba ya nguo, na aibu aliyoiona pale alibaki nayo. Tangu siku hiyo kila ndege iliyopaa Embakasi ilimpitia juu ya kichwa ikamchoma, naye yuko chini na sindano mkononi.

Ndipo Mzungu mmoja, mhandisi wa karakana, alipomaliza mkataba na kugawa vitu vyake. Mmoja alipata friji, mwingine alipata mbwa. Patrobas aliachiwa kile ambacho hakuna aliyekitaka: kompyuta ndogo inayolingana na kitabu cha nyimbo cha kanisani, vibonye vyake vya mpira, pamoja na kaseti moja. Unaiunganisha na televisheni, unatia kaseti kwenye redio, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na kioo kinakuonyesha mistari. Mstari wa chini ni ardhi. Mistari miwili inayokutana mbele ni barabara ya kurukia. Pembetatu ni milima. Na wewe unaruka.

Jioni ya kwanza aliruka kwa kubonyeza vibonye, akakasirika. Alikuwa ameingia vyumba vya marubani vingi kupima na kufunga viti vyao, alijua kilivyokaa kila kitu. Rubani gani anadonoa kama kuku? Akaamua kwamba ikiwa ni uongo, basi uwe uongo wenye usukani.

Alianza na baiskeli yake ya zamani. Usukani wake aliukata na kuusimamisha kwenye bomba lililochezea mbele, nyuma, na pande zote mbili. Kila upande alifunga kitufe cha kengele ya mlango, vile vya kubonyeza, ili usukani ukiegemea kulia ubonyeze cha kulia. Kutoka kwenye kila kitufe alitoa waya mpaka ndani ya tumbo la kompyuta, alilolifungua kwa kisu cha mezani na kulehemu huku amebana pumzi. Pedali zilitoka kwenye cherehani ya Phelister iliyokufa. Phelister anasisitiza mpaka leo kwamba haikuwa imekufa, ilikuwa inaumwa. Mpini wa kuongeza moto wa injini ulikuwa pampu ya stovu ya mafuta taa. Springi za kurudisha usukani katikati zilitoka kwenye godoro la wageni, ndiyo maana wageni wa nyumba ile wakawa wanalala wameinama upande mmoja. Halafu akazungushia kibanda cha plaiwudi, akaning'iniza blanketi la kijivu mlangoni, na ndani akaweka kiti halisi cha ndege kilichotupwa na karakana, kina mkanda na mahali pa kuwekea majivu ya sigara, ingawa Patrobas hakuvuta.

Kosa lilikuwa moja tu. Alipolifungua tumbo la kompyuta aliligeuza chali, na kitu ukikigeuza chali, pande zake hukuhadaa. Kulia na kushoto aliligundua kosa akarekebisha. Juu na chini hakugundua mpaka alipokwisha kulehemu na kumimina gundi ile inayoshika kama saruji. Ndege zote za dunia, rubani akitaka kupanda huvuta usukani kifuani. Ndege ya Buruburu ilitaka usukumwe mbele. Ukiuvuta, unachimba kaburi.

"Hii ni mkokoteni, Kapteni," alisema jirani yake, Naftaly Mbuthia, karani wa idara ya maji, ambaye ndiye aliyekuwa abiria wake wa kudumu. Mbuthia alikaa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, akitazama kupitia pembe ya blanketi iliyokunjwa na kunywa chai ya watu. "Watu wanavuta, wewe unasukuma. Siku ukipewa ndege ya ukweli utaua watu wote wa Nairobi."

"Nitaibadilisha," Patrobas alisema.

Alisema hivyo kila Jumamosi. Lakini gundi ilikuwa ngumu, waya zilikuwa nyembamba, na mikono yake ilikuwa imeshazoea kusukuma. Akaacha, akijipa moyo kwamba wiki ijayo si mbali.

Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka siku Phelister aliporudi kutoka kupiga simu posta, uso wake umejaa furaha na hofu, vikipigania nafasi. Mama yake alikuwa ameletwa Nairobi kufanyiwa upasuaji wa macho. Jicho moja lilikuwa limeshafunguliwa na linaona vizuri kabisa. Alikuwa kwa mpwa wake mtaa wa Makadara, kwa sababu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe, lakini Jumapili baada ya ibada angekuja kushinda na binti yake.

"Nitakwenda kwa Mbuthia," Patrobas akasema papo hapo. Hilo lilikuwa rahisi, desturi yenyewe ilimfukuza.

"Utakwenda kwa Mbuthia, na hiki kibanda kitakwenda wapi?" Phelister aliuliza. "Mama anaona sasa, Baba Masinde. Akiuliza mume wako rubani amefungia nini humu, nitasema nini? Kuku?"

"Mwambie ukweli."

"Nimwambie mimi?" Phelister aliketi. Furaha ilikuwa imeshindwa. "Kila nikienda nyumbani ananiuliza umefika wapi na wapi, nami namjibu. Nimekutuma Ulaya, nimekutuma Bombay. Amezeeka akijivunia hilo. Nikimwambia leo, si wewe utakayekuwa mwongo. Ni mimi niliyemtazama machoni, tena macho yasiyoona."

Patrobas alitamani kusema ukweli kuliko alivyotamani kitu chochote, ili yule mama aache kupungia watu asiowajua. Lakini ukweli huo ulimhitaji mbebaji, na mbebaji wa pekee ndiye ambaye ungemvunja. Akasema sawa, Jumapili asubuhi ataking'oa kibanda.

Jumapili asubuhi hakwenda kanisani. Aliingia kibandani na bisibisi, akaketi, akatazama usukani wa baiskeli. Kisha akafikiri haitakuwa vibaya aruke mara moja ya mwisho, kama kuaga. Akatia kaseti ikalia weee mpaka mistari ikatokea. Mara moja ikazaa nyingine, mnajua mambo hayo. Alikuwa angali hewani, bisibisi mapajani, blanketi limeshuka, aliposikia salamu ya Kibukusu mlangoni.

"Mulembe hapa."

Ibada ya Makadara ilikuwa fupi siku hiyo. Mpwa alimleta mama mpaka mlangoni, akamwacha na kurudi kwenye mkutano wa kwaya. Phelister alitoka jikoni na unga mikononi, akamkumbatia mama yake, akamtazama lile jicho lililofunguliwa, akalia, wakalia wote wawili. Kisha akamketisha kwenye kochi, linalotazamana na kibanda, hatua chache tu. Mlango wa mbele ulikuwa nyuma ya kochi, mlango wa jikoni kando yake, na ngazi ilianzia miguuni mwa mgeni. Patrobas alizima sauti ya televisheni na kukunja miguu juu ya kiti. Hakuna adui aliyewahi kuzingirwa vile na mwanamke mmoja mwenye mkoba wa ndizi.

"Na mwenye nyumba?" Mama Nakhumicha aliuliza, baada ya habari za mahindi na wagonjwa.

"Yuko kazini, Mama."

"Jumapili?"

"Ndege hazina Jumapili. Amekwenda Mombasa."

Kibandani, Patrobas alifumba macho. Aliisikia sauti ya mkewe ilivyotetemeka kwenye Mombasa, na ilimuuma.

"Na hii nyumba ndani ya nyumba?" aliuliza mama. "Ni choo?"

Phelister alikuwa bado anatafuta jibu wakati Mbuthia alipoingia, bila hodi kama kawaida yake, ametoka misa ya kwanza na amevaa tai. Phelister alimkonyeza, lakini konyezo la Phelister kwa Mbuthia lilikuwa sawa na mvua kwa bata. Akamsalimia mgeni vizuri, "Shikamoo, mama," akakaa mahali pake, akainua sauti kuelekea kwenye blanketi.

"Niaje Kapteni. Leo tunaenda wapi?"

"Kapteni amekwenda Mombasa," Mama Nakhumicha alimweleza kwa upole, kama mtu anayemfahamisha mgeni mambo ya nyumba.

"Mombasa gani, mama? Si ule mguu wake hapo, na soksi iko na shimo."

Mguu ulikuwa umeteleza kutoka kitini ukatokeza chini ya blanketi, ndiyo. Ulikuwa umekufa ganzi. Mama Nakhumicha alitazama kwa jicho lake jipya, akaona soksi, akaona kidole gumba cha mume wa binti yake, na papo hapo akageuza uso ukutani na kujifunika kwa leso, kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Mbuthia, ambaye kwao Murang'a hawana mwiko mkali kiasi hicho, alitazama huku na huku, akaona uso wa Phelister, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Buruburu akakosa neno.

Mficha uchi hazai. Patrobas alikaa na mguu wake nje, akaona kwamba sasa hakuna tena pa kujificha, na badala ya hofu kikamjia kitu kama nafuu. Angalau mkewe hatalazimika kuusema peke yake.

"Mama Masinde," aliita kutoka nyuma ya blanketi. "Mwambie mama namsalimu."

"Mama, anakusalimu," alisema Phelister kwa sauti ndogo.

"Mwambie nimepokea." Mama bado alikuwa ametazama ukuta.

"Mwambie kwamba mimi siendeshi ndege. Sijawahi. Mimi nashona viti vya ndege, viti vikichanika. Mwambie wewe hukutunga uongo huu. Mwenye kosa ni mjomba, na mimi niliyenyamaza."

Phelister alianza kuurudia, akafika kwenye viti, akashindwa. Haikuwa na haja. Nyumba za Buruburu hazina kuta za kuficha neno, sembuse blanketi. Mama Nakhumicha alikuwa amesikia kila kitu kwa mara ya kwanza, na alingoja kukisikia kwa mara ya pili kwa sababu hivyo ndivyo inavyotakiwa. Alipomsikia binti yake akikwama, alishusha leso mabegani.

"Muulize," alisema polepole, "kwa hiyo nilikuwa nampungia nani?"

Hakuna aliyembebea swali hilo. Mbuthia alitazama tai yake. Patrobas alihisi macho yake yanamwasha, akashukuru Mungu kwa ajili ya blanketi.

"Mwambie sijui ni akina nani," alisema. "Mwambie kila nilipokumbuka kwamba anapunga, niliona aibu mpaka nikakosa kula. Nilijenga kitu hiki ili nijue ile kazi aliyodhani ninaifanya ikoje. Ni mchezo tu. Mwambie anisamehe."

Mama Nakhumicha alifungua mkoba, akatoa ndizi moja, akaitazama pande zote kwa jicho lake jipya, akairudisha.

"Mchezo huo," akasema hatimaye, "unaruka?"

"Unaruka kwenye kioo, Mama," Phelister alijibu.

"Basi mwambie anirushe. Nimempungia miaka yote hii. Siwezi kurudi Kimilili hivi hivi."

Hapo pakatokea kazi. Ili mama aone, ilibidi televisheni itoke kibandani. Ili adabu ikae, ilibidi Patrobas abaki ndani. Mbuthia, akifurahi kupata la kufanya, aliibeba televisheni akaiweka juu ya kigoda mbele ya kochi, waya zikapita chini ya blanketi. Kwa hiyo rubani alikuwa na usukani, pedali na pampu ya stovu, bila dirisha. Abiria walikuwa na dirisha.

"Nitaendaje bila kuona?" Patrobas aliuliza.

"Mama ataona," alisema Phelister, "atanieleza, nami nitakueleza." Akamfundisha mama yake haraka: mstari huu ni ardhi, tukitaka kupanda anasukuma, tukitaka kushuka anavuta.

Mbuthia alifungua mdomo kuhusu kuvuta na kusukuma. Phelister alimtazama, akaufunga.

Walipaa. Mama Nakhumicha alishika ukingo wa kochi. Ardhi iliteleza chini, mstari ukashuka, naye akavuta pumzi kama mtu aliyeingia maji baridi.

"Mwambie anakwenda upande," alisema.

"Baba Masinde, unakwenda upande."

"Upande gani?"

"Mama, anauliza upande gani."

"Upande wa huyu bwana wa tai."

"Upande wa Mbuthia."

"Mbuthia amekaa wapi?" alilia Patrobas, na kabla swali hilo halijamaliza safari yake, wote walikuwa wameanguka. Kioo kilimeta, mistari ikatawanyika, na Mama Nakhumicha alibaki ameshika kochi.

"Tumekufa?" aliuliza.

"Tumekufa, mama," alisema Mbuthia. "Ni kawaida. Tunaanza upya."

Wakaanza upya. Safari hii Patrobas alikwenda taratibu, na kwa muda ndege ilinyooka vizuri, mpaka mbele yao ikatokea pembetatu, mwanzo ndogo, halafu si ndogo.

"Ule ni Masaba," alisema mama, akiuinamia mlima wa kwao. "Phelister, mwambie kuna mlima."

"Baba Masinde, kuna mlima."

"Mbali au karibu?"

"Mama, anauliza mbali au—"

"Sukuma," alisema Mama Nakhumicha. Alikuwa amesimama, leso imeanguka chini, mikono yake miwili imekamata hewa mbele yake. "Sukuma, Patrobas. Sukuma, mwanangu, usiache."

Patrobas alisukuma. Springi za godoro zililia. Pembetatu ilijaa kioo chote, ikayumba, ikateremka polepole chini ya kioo mpaka ikabaki ncha, na ncha nayo ikapita. Mbele palikuwa na mstari mmoja mweupe, hakuna kitu kingine.

Ndipo kila mtu aliposikia kilichosemwa. Phelister alimtazama mama yake. Mama alijiziba mdomo kwa kiganja, akaketi taratibu. Ndani ya kibanda Patrobas alikuwa bado ameusukuma usukani mpaka mwisho, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila kizuizi, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini. Hakuwa amewahi kusikia jina lake likitoka kinywani mwa yule mama.

"Nini tena?" alinong'ona Mbuthia. "Si tumepita?"

"Tumepita," alisema Phelister.

Mama Nakhumicha aliokota leso yake, akaikung'uta, akajifunga kiunoni badala ya kujifunika uso. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye hakuwa mtu wa kuinama kuyazoa.

"Mwambie," alianza, kisha akakata. "Patrobas. Nimekosea desturi, na wewe umenikosesha. Utaniletea blanketi na kuku wa kufungua mambo haya vizuri, mbele ya wazee. Lusweti naye aje, nina maneno naye. Blanketi liwe jipya, si hilo la mlangoni."

"Ndiyo, mama," alisema Patrobas.

"Sasa teremsha kitu hiki, nina njaa."

Aliteremsha kwa kuvuta, akaanguka, wakafa tena, wakaenda kula.

Blanketi lilipelekwa, kuku alipelekwa, na Lusweti alisikia maneno ambayo hataki kuyarudia. Baada ya Krismasi Phelister alirudi kutoka Kimilili na gunia la mahindi na habari. Patrobas alikuwa kibandani, amelifungua tumbo la kompyuta na kuivunja gundi kwa patasi kidogo kidogo. Alikuwa ameamua. Uongo wote ulikuwa umekwisha isipokuwa huu mdogo wa waya, na leo angeugeuza, ndege ya Buruburu ivutwe kama ndege za watu. Chuma cha kulehemu kilikuwa kimeshapata moto.

"Mama amewaambiaje kule sokoni?" aliuliza bila kuinua kichwa. Swali hilo lilikuwa limemkalia tangu Phelister aondoke.

"Amewaambia umemrusha," alisema Phelister. "Walimuuliza kama kweli wewe ni rubani. Akasema, 'Yeye na mimi tumeanguka mara kadhaa, na niko hapa nauza ndizi. Mtajeni rubani mwingine aliyewahi kufanya hivyo.'"

Patrobas alicheka, na mara hii kicheko hakikuchelewa.

"Na ndege zikipita? Bado anapunga?"

"Ameacha." Phelister alikaa kwenye ngazi akavua viatu. "Siku hizi zikipita anashika mpini wa jembe kwa mikono miwili, hivi, anausukuma mbele polepole mpaka sauti iishe. Anasema Masaba iko pale, na watu wale hawana wa kuwaambia."

Patrobas alizitazama zile waya mbili, moja nyekundu, moja nyeusi. Sasa aliruhusiwa kuzungumza na mama mkwe. Angeweza kumweleza kwamba marubani wa kweli huvuta. Ukweli mmoja alikuwa ameshausema, akaona kwa mwaka huu umetosha.

Alichomoa chuma cha kulehemu ukutani, akakiweka juu ya kigae kipoe, na kuanza kulifunga tumbo la kompyuta kama lilivyokuwa.